Stata Ikiwa Nzito, Usikimbilie Kununua Mpya

Stata ya pikipiki yako ya siku nyingi ikizungusha injini kwa uvivu, usikimbilie maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua nyingine. Fedha ya mavuno yaweza kupotea bure.

Kwanza pima betri. Ile ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha 12.6 hivi. Ukibonyeza stata ikashuka chini ya 10, ichaji, upime tena. Ikishuka vilevile, betri imechoka.

Betri ni nzima? Zima swichi, fungua waya zake, ule wa hasi kwanza. Sugua kutu, hata pale waya unapofungwa kwenye chasisi, kisha kaza barabara.

Bado nzito? Hapo fundi afungue stata atazame kaboni zake. Zikiwa zimelika, mara nyingi kubadili hizo tu kwatosha.