Owino kwa herufi za mlazo

Andika neno Owino kwenye kompyuta, kisha bonyeza kitufe cha kulaza herufi. Jina hilo lenye wino ndani yake litainama vizuri, nawe utadhani kazi imekwisha. Sasa andika jina rasmi la soko hilohilo la Kampala, St. Balikuddembe, ulilaze vilevile. Hapo ndipo fonti mbovu inapoumbuka.

Herufi ya mlazo si herufi ya wima iliyosukumwa na upepo. Francesco Griffo alichonga herufi za mlazo kwa ajili ya Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, ambaye mwaka 1501 alitoa kwa mlazo kitabu kizima cha mashairi ya Virgil. Griffo aliiga mkono wa makarani walioandika mbiombio, kalamu ikiinuka kwa nadra. Herufi kubwa hakuzilaza hata kidogo, ziliinama baadaye. Mwendo wa kalamu, basi, ndio unaofanya mlazo, kuliko pembe ya kuinama.

Tazama a ya Balikuddembe. Ikiwa wima huwa na tumbo chini na kofia juu. Katika mlazo wa kweli kofia hutoka, ikabaki ile a ya duara ambayo watoto hufundishwa shuleni. Vikanyagio vidogo vilivyo miguuni mwa herufi, ambavyo kwenye wima hulala bapa, hugeuka vimkia: kimoja cha kuingilia, kingine cha kutokea. Fonti isiyo na mlazo wake, kompyuta huinamisha tu ile ya wima, na a inabaki na kofia yake, imeegemea kama kibanda kinachongoja kuanguka. Owino haina a, ndiyo maana inasitiri mengi.

Ukitaka darasa la bure, nenda Owino kwenyewe, kwenye marundo ya mitumba ambayo Waganda huiita mivumba. Soma vifua vya fulana. Mistari myembamba, ambayo ndiyo madaha ya mlazo, ndiyo inayofutika kwanza kwa kufuliwa, na pale uzi ulipokuwa mnene wino umeziba matundu ya e. Kwa kitambaa, na kwa kibao cha kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara, mimi huchagua mlazo mnene au nauacha kabisa. Mahali pake hasa ni karatasini: neno la kigeni, jina la kitabu, kadi ya harusi.

Na kadi za Kampala zina mtego wake. Kiganda huandikwa kwa ŋ, herufi ambayo fonti nyingi za madaha hazina. Kompyuta huiazima kwingine bila kukuuliza. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe mchapaji wako wa Barabara ya Nasser akuandikie eŋŋoma kwa mlazo. Ikiwa ŋ mbili zimesimama wima na nyingine zote zimelala, mwambie abadili fonti.