Chura wa Mitini na Maji ya Bomba

Chura tuliyemzoea mjini ni yule wa kidimbwini. Lakini katika misitu ya Amani, huko Usambara Mashariki, yuko chura aishiye mitini. Wataalamu humwita Leptopelis vermiculatus.

Jike hufikia urefu wa sentimita 8 hivi. Dume ni mdogo zaidi. Mgongo wake aghalabu ni wa kijani kibichi, umetapakaa vistari vyembamba vyeusi, ingawa wako pia wa rangi ya hudhurungi. Macho ni makubwa, ya kuonea usiku. Ncha za vidole zina visahani vinavyonata, ndivyo vinavyomwezesha kushika hata jani lenye utelezi.

Pamoja na kuishi juu, uzazi wake uko chini. Jike hushuka na kufukia mayai katika udongo wenye unyevu karibu na maji, na viluwiluwi hujisogeza wenyewe hadi majini.

Hapo ndipo penye jambo. Miti ikikatwa, au kivuli kikipunguzwa ili kupanda iliki, udongo hukauka na mayai huharibika. Ni kweli, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, lakini msitu unahitaji ulinzi kila siku, si tangazo tu.

Mtu wa mjini atauliza: chura ananihusu nini? Mto Zigi, unaowapatia maji wakazi wa Tanga, huanzia katika milima hiyo hiyo. Ukame utakaomwua chura mtini hautachelewa kufika bombani.