Kumtongoza mtu jimu: Mpaka uko wapi Washington?

Kwa Mwafrika Mashariki anayehamia eneo la Washington, mji mkuu wa Marekani, ukumbi wa mazoezi, maarufu kama jimu, ni miongoni mwa mahali pachache anapowaona watu wale wale kila wiki, nje ya kazi na nyumba ya ibada. Si ajabu basi kwamba baadhi huona hapo ndipo pa kumpata mwenzi. Hata hivyo, kumwendea mtu usiyemfahamu kuna taratibu zake, na kuzipuuza kunaweza kuleta hasara kubwa kuliko aibu.

Tofauti ya kwanza ni salamu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kumpita mtu bila kumsalimu ni utovu wa adabu, na salamu hufuatwa na kuulizana habari za nyumbani na za kazi. Katika jimu za Washington, au za vitongoji kama vile Silver Spring na Alexandria, kunyamaza si dharau. Wengi hufika kabla au baada ya kazi, wakiwa na muda mfupi. Anayeitikia kwa tabasamu ametimiza ustaarabu tu, hajakaribisha mapenzi.

Tofauti ya pili ni kwamba hakuna mshenga. Kwa desturi ya Waswahili, mshenga hupeleka ujumbe na kurudi na jibu, hivyo asiyetaka hukataa bila kutazamana na mposaji. Katika jimu mtu huulizwa ana kwa ana, akihema, pengine akiwa amelala chini ya chuma kizito, mahali ambapo hawezi kuondoka kwa urahisi.

Wahenga walisema: akufukuzaye hakwambii toka. Hedifoni masikioni, majibu ya neno moja, au kuhamia mashine nyingine ni majibu tosha. Aidha, uchangamfu wa mfanyakazi wa mapokezi au mwalimu wa mazoezi ni sehemu ya kazi yake, naye hana uhuru wa kuondoka.

Je, ina maana ni marufuku kuzungumza? La. Kinachoshauriwa ni kusubiri mtu amalize mazoezi, kuzungumza naye mahali penye watu, kutotaja umbile lake, na kuuliza mara moja tu. Ni afadhali kumwachia namba yako ya simu kuliko kumshinikiza atoe yake. Akikataa, au akisema atafikiria kisha akanyamaza, suala limekwisha. Methali ya mvumilivu hula mbivu haitumiki hapa.

Sheria nazo zinatenganisha ombi na usumbufu. Mwaka 2018, Baraza la Jiji la Washington lilipitisha sheria ya kuzuia unyanyasaji wa mitaani, iliyotilia mkazo elimu kwa umma badala ya adhabu. Lakini kumfuatafuata mtu kwa namna inayomtia hofu ni kosa la jinai, mjini Washington na katika jimbo jirani la Virginia, ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miezi 12. Matukio mawili yanaweza kutosha kuwa msingi wa mashtaka.

Kwa mhamiaji, hatari ni kubwa zaidi. Tangu mwaka 1996, sheria ya uhamiaji ya Marekani inaitaja hukumu ya kosa hilo miongoni mwa sababu za kumfukuza nchini asiye raia, hata kama ana kibali cha ukaazi wa kudumu. Kabla ya kufika huko, wenye jimu wanaweza kumfutia mtu uanachama na kumpiga marufuku. Akirudi, anaweza kushtakiwa kwa kuingia mahali bila idhini.

Si kwamba nyumbani hakuna mipaka. Tanzania ilipiga marufuku unyanyasaji wa kijinsia katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Anayeumia kwanza, hata hivyo, ni yule anayesumbuliwa: hubadili saa zake, huacha mashine aliyoizoea, na mwishowe huacha mazoezi aliyoyalipia. Ombi lililotolewa kwa staha, na jibu lililopokelewa kwa staha, huwawezesha wote wawili kurudi kesho yake na kusalimiana bila kinyongo.