Wanaozama kwa Hiari

Sisi tuliozaliwa Bumbire, au tulioolewa huko, tumelelewa na onyo moja: kaa mbali na kilindi. Onyo hilo lina sababu. Mwezi Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, na familia nyingi za Kagera zikaachwa na msiba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 wakaokoka, na wavuvi walikuwa mbele katika kuwaokoa. Basi akina mama tukisikia kuna watu wanaolipa fedha nyingi ili wazame, huguna tu.

Hata hivyo wapo, na vijana wetu wanawafuata. Kijana akimaliza shule huenda Dar es Salaam, kisha Unguja au Mafia kutafuta kazi ya hoteli au ya boti. (Mjini "kuzamia" ni kujificha melini na kwenda nchi za watu; hapa tunasema kuzama hasa, na mtungi wa hewa mgongoni.) Ni vema mama ajue mwanawe yuko wapi na anafanya nini.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Wageni huzama katika Ghuba ya Chole na kwenye mlango wa Kinasi, ambako maji hupita kwa nguvu yakijaa na yakitoka, na samaki hukusanyika hapo kwa makundi. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe huonekana upande wa Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini hana haja na mtu. Chakula chake ni viumbe vidogo sana vya majini.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha zaidi ya meta 800, hivyo matumbawe husimama kama ukuta, na aliye ukingoni huona giza chini yake. Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi, kinasifiwa sana. Unguja wengi huenda Mnemba, kaskazini mashariki. Chumbe, karibu na mji, mitungi hairuhusiwi. Watu huelea juu na kutazama kwa miwani ya maji. Sisi Chumbe ndiyo tunayoipenda zaidi, maana hata mama mwenye watoto anaweza kuyaona matumbawe bila kwenda kilindini.

Sasa tuseme kama wauguzi. Kwenye kina cha meta 10 mgandamizo juu ya mwili ni mara mbili ya ule wa nchi kavu. Kwenye meta 30 ni mara nne. Anayepanda huku amebana pumzi, hewa hutanuka kifuani na mapafu yanaweza kupasuka. Tena naitrojeni iliyo katika hewa huingia kwenye damu. Akipanda haraka hutoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa ikifunguliwa. Hapo huja maumivu ya viungo, kizunguzungu, ganzi, mkojo kuziba, hata miguu kupooza. Wapo watakaosema ameshikwa na jini. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni, apelekwe hospitali upesi, na waganga waambiwe wazi kwamba alikuwa amezama.

Mgeni wa hoteli hufundishwa haya kabla ya kuingia majini. Anayeanza haruhusiwi kupita meta 18, na hupanda polepole, akisimama dakika 3 kwenye meta 5. Tunaowahofia ni vijana wanaopewa mitungi kwenda kuokota majongoo bahari yanayouzwa China. Majongoo yamepungua kwenye maji mafupi, basi wanayafuata chini zaidi, mara nyingi kwa siku, na wengine hawakufundishwa na mtu. Mwanao akikupigia simu kwamba amepata kazi ya kuzama, muulize amesomea wapi, ana cheti gani, nani anapima muda wake akiwa chini, na kama kuna oksijeni botini. Kijana asiyejua majibu hayo asiingie majini.

Mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kwanza. Mama mjamzito asizame kabisa, hata kama ni mzoefu, kwa sababu mapovu yanaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kuogelea juu hakuna ubaya. Na aliyezama mara kadhaa asipande ndege mpaka zipite saa 18. Kwa wanaorudi Bukoba likizo kwa ndege, hiyo ni siku nzima ya kukaa nchi kavu.