Ufa wa Rimu Hauzibwi

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu ni kweli kwa nyumba. Ni kweli kwa mtumbwi pia. Lakini kipo kitu kimoja ambacho ufa wake hauzibwi. Kitu hicho ni rimu ya gari, yaani ile sehemu ya gurudumu inayovalishwa tairi. Wengine huiita ringi.

Pengine utasema, "Mimi sina gari. Habari za rimu zinanihusu nini?" Zinakuhusu. Wengi wetu tunasafiri kwa gari ndogo kutoka Magu, Misungwi au Sengerema kwenda Mwanza mjini. Vijana wetu ni madereva. Vikundi vingine vimeweka akiba, vikanunua gari lililokwisha kutumika Japani, ili libebe dagaa, nyanya au abiria. Gari likiwa na rimu mbovu, anayeumia si dereva peke yake. Aliyelipa nauli naye anaumia.

RIMU ZA ZAMANI NA RIMU ZA SIKU HIZI

Zamani magari mengi yaliyofika vijijini, kama Land Rover na malori ya Bedford, yalikuwa na rimu za chuma. Rimu ya chuma ikigonga jiwe, hupinda. Fundi aliichukua nyundo, akainyosha, safari ikaendelea.

Siku hizi gari ndogo nyingi zina rimu za alumini iliyochanganywa na madini mengine kidogo, hasa silikoni na magnesi. Madereva huziita rimu za spoti. Zina matawi kama nyota, na hung'aa. Alumini ni nyepesi. Ukichukua kipande cha alumini na kipande cha chuma vyenye ukubwa sawa, kile cha alumini kitakuwa na uzito wa theluthi moja hivi ya kile cha chuma.

Lakini alumini ina tabia yake. Ikigongwa kwa nguvu, inaweza kupasuka badala ya kupinda. Kwa hiyo dawa ya rimu ya chuma si dawa ya rimu ya alumini. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

GARI HUGONGAJE UKINGO?

Ukingo ni yale mawe ya zege yaliyopangwa pembeni mwa barabara za mjini, kutenga njia ya magari na njia ya watu. Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, na dereva hukaa kulia. Hivyo gurudumu la kushoto liko karibu na ukingo, na dereva halioni. Ndiyo maana rimu za kushoto huwa na mikwaruzo mingi kuliko za kulia.

Mwanza mjini hatari zimezidi. Mji uko juu ya mawe na vilima. Sehemu za sokoni zina msongamano, na kila mtu anataka kuegesha haraka. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutapakaa barabarani na ukingo hauonekani. Ukitoka nje ya mji, yapo mashimo na mawe yaliyoanguka pembeni mwa lami.

Tuchukue mfano. Dereva wa kikundi fulani alikuwa anatoka Mwaloni, Kirumba, na mzigo wa dagaa. Bodaboda ikamkatiza mbele. Dereva akakwepa kushoto, gurudumu likagonga ukingo, paa! Akashuka, akatazama, akaona mkwaruzo tu. Akaondoka. Kesho yake tairi likawa limepungua upepo. Akajaza. Keshokutwa limepungua tena, na usukani ukaanza kutetemeka.

Akaenda kwa fundi. Fundi akasema, "Hii ndogo, mwanangu. Nachomelea sasa hivi, unaondoka." Mweka hazina wa kikundi alifurahi, maana kuchomelea ni bei nafuu. Lakini fundi mzee aliyekuwa jirani aliinua rimu, akaitazama kwa ndani, akasema, "Mwanangu, hapa pana ufa. Ukichomelea utabeba watu juu ya ufa."

Nani alisema kweli? Yule mzee. Tuone kwa nini.

KWA NINI USICHOMELEE?

Wazee wetu Warongo, waliofua majembe upande wa Geita, walijua siri moja: moto huweza kukipa chuma nguvu, na moto huohuo huweza kukiondolea. Alumini nayo ina siri ya namna hiyo. Kiwandani rimu nyingi husubiwa, kisha huchomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, huzamishwa ghafla ndani ya maji, halafu huokwa tena kwa joto dogo la saa kadhaa. Kazi hiyo ndiyo inayoipa rimu ugumu wake.

Fundi anapochomelea, au anapoipasha rimu kwa moto wa gesi ili ainyoshe, ule ugumu wa kiwandani hupotea mahali pale. Tena alumini humdanganya fundi. Chuma kikipata moto huwa chekundu, na fundi anajua. Alumini haigeuki rangi hivyo. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mchanganyiko wa rimu huanza kuyeyuka hata chini ya nyuzi 600. Fundi haoni dalili, na ghafla anakuta ameiharibu.

Nje rimu itang'aa baada ya kupakwa rangi. Ndani imelegea. Siku gari lina mzigo, liko kwenye mwendo na linapita shimo, rimu hupasuka palepale au pembeni yake. Upepo hutoka mara moja na gari huyumba.

JINSI YA KUPIMA

Gari likigonga ukingo kwa nguvu, usiondoke kabla ya kukagua. Fanya hivi:

1. Tazama ubavu wa tairi, nje na ndani. Likitoa nundu kama jipu, nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halitibiki. Litolewe.

2. Egesha mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu mengine, kisha piga jeki. Usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

3. Shika kijiti karibu na ukingo wa rimu, mwenzako azungushe gurudumu taratibu. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikiongezeka na kupungua, rimu imepinda.

4. Paka maji ya sabuni kwenye rimu, nje na ndani, tairi likiwa na upepo. Mapovu yakitoka, upepo unavuja hapo.

5. Ukishuku ufa, tumia mafuta ya taa na chaki. Njia hii ilitumika tangu zamani katika karakana za reli za nchi nyingi. Tairi livuliwe, na rimu ioshwe na ikaushwe. Paka mafuta ya taa mahali unapopashuku, subiri nusu saa, kisha futa mpaka pakauke kabisa. Halafu nyunyiza unga wa chaki nyeupe. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda, nawe utaona mstari uliolowa kwenye chaki. Kaa mbali na moto. Ukimaliza, osha rimu kwa sabuni, maana mafuta huharibu mpira wa tairi.

Kumbuka: chaki isipoonyesha mstari, si ushahidi kamili kwamba rimu ni nzima. Kama usukani bado unatetemeka au upepo bado unapungua, mpelekee fundi mwenye mashine ya kupima mzunguko wa gurudumu.

MKWARUZO UNATENGENEZEKA

Si kila alama ni ufa. Mkwaruzo wa juujuu kwenye ukingo wa nje unaharibu sura tu. Huo unaweza kuutengeneza mwenyewe. Lakini kama kipande kimemeguka, au rimu imepinda, au alama iko kwenye matawi ya rimu na inaingia ndani, usiguse. Hiyo si kazi ya msasa.

Kwa mkwaruzo, fanya hivi:

Kwanza, osha rimu kwa maji na sabuni, ikauke. Futa grisi kwa kitambaa chenye thina. Fanya kazi nje penye hewa, mbali na moto na sigara. Funga pua na mdomo kwa kitambaa safi, maana vumbi la msasa si zuri kifuani.

Pili, funika tairi kwa magazeti ya zamani na utepe.

Tatu, piga msasa namba 240 mpaka ncha kali ziishe. Fuata namba 400, kisha namba 600 pamoja na maji. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi.

Nne, kama kimebaki kishimo kidogo, jaza puti nyembamba ya gari. Ikikauka, piga msasa tena. Puti ni ya sura tu. Haiongezi nguvu yoyote.

Tano, paka praima inayofaa alumini. Rangi ya kawaida bila praima hiyo itabanduka mapema. Kisha paka rangi mara 2 au 3, nyembambanyembamba, kila mara ukisubiri ikauke. Malizia na klia.

Usipake rangi mahali nati zinapokaa, wala mahali rimu inapogusana na gari. Rangi ya hapo husagika, nati hulegea. Unaporudisha gurudumu, kaza nati kwa msalaba, siyo kwa kuzunguka, na ukague tena baada ya kwenda kilomita 50 hivi.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Kwanza ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea, na rimu hugonga moja kwa moja. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi mlangoni upande wa dereva. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.

Pili ni kuegesha. Acha sentimeta 30 kati ya gurudumu na ukingo. Huo ni urefu wa rula ya shule. Inamisha kioo cha kushoto ili uone chini, au mwombe utingo ashuke akuelekeze. Hakuna aibu.

Tatu, ukilazimika kupanda ukingo, ukabili uso kwa uso, polepole kabisa. Usiupande kwa ubavu. Hali kadhalika kwenye kivuko, kama kile cha Kamanga, au cha Kisorya na Rugezi kwa wanaokwenda Ukerewe. Ingia ukiwa umenyooka, na umfuate anayeelekeza magari. Kigongo na Busisi sasa tunavuka kwa Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025. Lakini tukifika mjini kingo zinatungoja.

Nne, soma namba za tairi. Hapa elimu yetu ya hesabu ina kazi. Tuseme tairi limeandikwa 185/65 R15. 185 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 120 hivi, au sentimeta 12. Vijana wengine hubadilisha, wakaweka 195/45 R16 ili gari lipendeze. Piga hesabu: kimo cha ubavu kinakuwa milimita 88 tu, pungufu ya sentimeta 9. Sentimeta 3 za mpira uliokuwa unailinda rimu zimeondoka. Gari limependeza, lakini kila shimo sasa liko karibu na alumini.

KIKUNDI KILIFANYAJE?

Turudi kwenye mfano wetu. Kikundi kilikaa kikao. Mweka hazina akasema fedha ni kidogo. Mama mmoja akauliza, "Siku ile ikipasuka, ndani ya gari atakuwa mtoto wa nani?" Kikao kikanyamaza. Wakaamua kununua rimu nyingine iliyotumika, yenye namba sawa na zile tatu zilizobaki. Hawakulipa kabla ya kuipima kwa sabuni na chaki.

Ile yenye ufa waliiuza kwa kilo kama chuma chakavu. Lakini kwanza waliikata vipande viwili kwa msumeno. Kwa nini? Ili mtu mwingine asiichomelee, akaipaka rangi na kumuuzia jirani. Alumini ile itayeyushwa, itapata kazi nyingine.

Ndugu msomaji, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu. Lakini trafiki hawezi kukaa kila kona. Wewe uliyejifunza kusoma, tazama gurudumu kabla ya kupanda. Ukiona ufa au nundu, sema. Dereva akikasirika, subiri gari lingine. Nyumba yako iziba ufa. Rimu yenye ufa itupe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya mkwaruzo na ufa?
2. Kwa nini rimu ya alumini haifai kuchomelewa?
3. Tairi limeandikwa 175/70 R14. Kimo cha ubavu wake ni milimita ngapi?
4. Kama gari la kikundi chenu lina rimu yenye ufa na fedha ni kidogo, mtafanyaje?