Uzito wa Mwili na Kazi ya Moyo

Mkazi wa Busi, wilayani Kondoa, anayechota maji kisimani ajua vyema tofauti ya kubeba ndoo moja na kubeba mbili. Moyo nao una mzigo wake. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma damu kiasi cha lita 5 kila dakika. Yaani lita 7,200 kwa siku, sawa na ndoo 360 za lita 20.

Mwili ukinenepa kupita kiasi, mafuta yaliyoongezeka nayo huhitaji damu. Moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi, na mara nyingi kwa shinikizo kubwa zaidi. Miaka ipitapo, kuta zake huwa nene na ngumu, hatimaye nguvu zake hupungua. Kitambi, ambacho wengi hukiona kuwa dalili ya neema, ndicho chenye hatari zaidi, kwani mafuta ya tumboni huchangia ugonjwa wa kisukari na kuziba kwa mishipa ya moyo.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na uzito uliozidi.

Wanafunzi na wawapime wazazi wao: uzito kwa kilo ugawanywe kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mtu mzima wa kilo 64 na mita 1.60 hupata 25. Hapo ndipo uzito huanza kuzidi. Aliyezidi akipunguza hata kilo chache, moyo wake hupata nafuu.