Ukienda kwenye mionzi ya titi, usinyamaze



Safari hii tunaandika juu ya jambo ambalo wengi hapa Nakivale wanaogopa hata kulitaja: kansa ya titi na matibabu ya mionzi. Sisi wahamasishaji wa afya tukipita nyumba kwa nyumba, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, tunaulizwa: mionzi inachoma kama moto? Mama akirudi anaweza kumbeba mtoto?

Tuanze na safari yenyewe. Ukionekana na uvimbe, kituo cha afya kinakuandikia rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya Mbarara kwa vipimo. Kwa mionzi, wagonjwa wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Kampala, kwenye Taasisi ya Kansa iliyoko Mulago, kama kilomita 270 kutoka Mbarara. Wapo wanaosema bado, "Mashine imekufa." Ni kweli kwamba mwaka 2016 mashine iliyokuwa moja tu nchi nzima iliharibika. Lakini nyingine ilizinduliwa Januari 2018, na baadaye zikaongezwa nyingine. Usikae na ugonjwa nyumbani kwa sababu ya habari ya zamani.

Mionzi hii huioni, na inapopita husikii maumivu. Ni ndugu wa ile ya kupiga picha ya kifua, ila ina nguvu zaidi. Kazi yake ni kuua mabaki ya kansa ambayo kisu cha daktari hakikuyafikia. Siku ya kwanza hutibiwi, unapimwa tu. Unalazwa chali, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, unapigwa picha, halafu unawekewa alama za wino au vinukta vidogo kwenye ngozi. Siku zote zinazofuata utalazwa vilevile, na mashine italenga kwa kufuata alama zile. Nyuma ya titi kuna pafu, na upande wa kushoto kuna moyo. Ukisogea, mionzi inaweza kukosa mahali pake na kugusa pasipotakiwa. Kwa hiyo kulala vizuri si kudeka. Mtu anayeumia hawezi kutulia.

Mama mmoja jirani yetu alikuwa na bega lililokaza baada ya opereshoni. Siku ya kupimwa aliuma meno akanyamaza, akidhani ni mara moja tu. Kumbe ndivyo atakavyolala kila siku! Matibabu yalipoanza mkono ukawa unatetemeka. Alipokubali kusema, ilibidi apimwe upya, mkono ukiwa umeegemezwa vizuri. Aliniambia, "Niliona haya kuwasumbua wakubwa." Nafikiri haya ya namna hiyo inatuumiza wengi, hasa sisi wakimbizi tuliozoea kushukuru tu kwa kila tunachopewa.

Huko Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield Hallam walikaa na wanawake waliopitia mionzi, wakabuni pamoja nao sidiria ya kulishika titi mahali pamoja na kumsitiri mama akiwa mezani. Hapa usitegemee kuikuta sidiria hiyo, lakini mdomo unao. Siku ya kupimwa sema kama bega linauma, kama mgongo unawaka, kama titi ni zito na linaanguka pembeni. Kama hujui Kiingereza wala lugha za huko, omba mkalimani au nenda na ndugu anayejua. Ukitaka kujifunika kitenge au shuka mpaka dakika ya mwisho, omba. Ukipenda kuhudumiwa na mwanamke, uliza pia. Na kama una mimba au unahisi unayo, hilo liseme kabla ya yote.

Kabla ya kwenda, uliza daktari au muuguzi mazoezi ya bega, uyafanye nyumbani kila siku polepole, mpaka mkono uweze kupanda juu.

Wakati wa mionzi utabaki peke yako chumbani kwa dakika chache. Wahudumu wanakuona kutoka nje. Usizuie pumzi wala kuvuta kwa nguvu isipokuwa wamekuambia. Ukibanwa na kikohozi, waambie kwa namna mtakayokuwa mmepatana.

Alama za wino usizisugue wakati wa kuoga. Zikififia, usizichore mwenyewe kwa kalamu, rudi kwa waliozichora. Ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi, kuwasha, hata kuchubuka. Usipake dawa ya miti, mafuta wala kitu cha moto bila kuwauliza. Mtoto mbebe bila hofu: mionzi ya mashine haibaki mwilini.

Jambo gumu kwetu ni siku. Kwa kawaida unaenda siku tano kwa wiki, kwa wiki 3 au hata 5, kama daktari atakavyopanga. Kukatiza katikati kunapunguza nguvu ya matibabu. Kwa hiyo kabla hujaondoka, uliza kituo cha afya utalala wapi, nauli itatoka wapi, na nani atachukua posho yako ya chakula. Wababa, hapo ndipo tunapowahitaji: watoto wabaki na mtu. Karatasi za rufaa na kadi yako ya ukimbizi zifunge kwenye mfuko wa plastiki, maana mvua ya njiani haina huruma.